Mcheza Kwao Hakutunzwa: Albert Namatjira na Haki Iliyotolewa Nusu



Wahenga walitufundisha kwamba mcheza kwao hutunzwa. Katika kijarida hiki twataka kumtazama mtu aliyecheza kwao, akacheza vizuri, akashangiliwa na taifa zima, lakini hakutunzwa. Jina lake ni Albert Namatjira, mchoraji wa jangwa la katikati ya Australia, wa kabila la Arrernte, mmoja wa Waaborijini ambao ndio wenyeji asilia wa bara lile. Alizaliwa tarehe 28 Julai 1902, akafariki tarehe 8 Agosti 1959. Kati ya tarehe hizo mbili mna mashtaka mazito dhidi ya utawala uliopenda kazi ya mikono ya mtu huku ukimkana mwenye mikono hiyo.

Huenda mtu akauliza: Australia ni mbali, yatuhusu nini? Twajibu kwamba dhuluma ya namna hii twaijua. Mkulima huitwa uti wa mgongo wa taifa jukwaani, kisha pamba yake ikachukuliwa kwa mkopo usiolipwa. Mama husifiwa kwa ngoma na kanga mpya siku ya sherehe, na kesho yake akafukuzwa katika shamba la marehemu mumewe. Anayesifiwa hivyo hupewa maneno mahali pa haki yake. Kwa hiyo tusisome habari za Namatjira kama hadithi ya mbali.

Mtu na kazi yake

Namatjira alizaliwa katika misioni ya Kilutheri ya Hermannsburg, kando ya mto Finke, magharibi ya mji wa Alice Springs. Wazazi wake walimwita Elea. Walipobatizwa mwaka 1905, mtoto naye alibatizwa kwa jina la Albert. Alilelewa katika mafundisho ya misioni, na alipofikia umri wa miaka kama 13 wazee wa kabila lake walimpeleka porini kumtia jandoni na kumfunza sheria za mababu. Hivyo alikua akiwa mwana wa shule mbili. Alimwoa Ilkalita, ambaye baadaye alibatizwa kwa jina la Rubina. Akafanya kazi za mikono za kila aina: uhunzi, useremala, uchungaji wa mifugo na uendeshaji wa ngamia.

Mwaka 1934 wachoraji wawili wazungu, Rex Battarbee na John Gardner, walionyesha picha zao pale misioni. Namatjira aliziangalia, akaamua kwamba kazi hiyo anaiweza. Battarbee aliporudi mwaka 1936, Namatjira alikwenda naye safari ya miezi miwili akiwa mwongozaji wa ngamia, na malipo aliyoyataka ni kufundishwa kutumia rangi za maji. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1938, alifanya maonyesho yake ya kwanza mjini Melbourne. Picha 41 zilitundikwa, na zote zikanunuliwa katika siku chache.

Alichora nini? Alichora nchi ya kwao: milima myekundu inayogeuka zambarau jioni ikifika, magenge ya mawe, mito mikavu yenye mchanga, na ile mikaratusi yenye magome meupe inayosimama peke yake kama walinzi. Watu wa miji ya pwani, waliofikiri kwamba katikati ya bara lao hamna kitu ila vumbi, waliziona picha hizo wakaduwaa. Nakala zake zikatundikwa katika sebule nyingi za Australia. Mwaka 1953 alipewa nishani ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na mwaka 1954 alisafirishwa kwa ndege hadi Canberra kukutanishwa na Malkia mwenyewe.

Sifa bila haki

Sasa tuone upande wa pili. Mtu huyu aliyepeana mkono na Malkia hakuwa na ruhusa ya kupiga kura. Alipotafuta kukodi eneo la malisho ili afuge ng'ombe na kuwalisha jamaa zake, hakulipata. Mwaka 1951 alipotaka kujenga nyumba katika mji wa Alice Springs, alikataliwa, kwa sababu Waaborijini hawakuruhusiwa kukaa mjini. Ikambidi akae na familia yake katika kambi ya Morris Soak, nje ya mji, bila nyumba ya maana. Picha zake ziliruhusiwa kulala katika nyumba za matajiri, ila mwenyewe hakuruhusiwa kulala katika mji uliojengwa juu ya ardhi ya kabila lake.

Hata hivyo Serikali haikumsahau katika jambo moja: ilimdai kodi ya mapato. Ilipofika zamu ya kutoa, alihesabiwa kuwa mtu mzima mwenye wajibu. Ilipofika zamu ya kupokea, alihesabiwa kuwa mtoto. Mwenye akili timamu na aseme ni mizani gani hiyo.

Mnamo 1953 ilitungwa katika eneo la Northern Territory sheria iliyoitwa ya ustawi wa jamii. Ndugu waamini, tuiangalie kwa makini, maana dhuluma ya kisasa huvaa nguo safi. Sheria hiyo haikutaja rangi ya mtu wala kabila. Ilisema tu kwamba watu wanaohitaji uangalizi waweza kuwekwa chini ya ulezi wa Serikali, isipokuwa wale wenye haki ya kupiga kura. Kwa kuwa waliokosa haki hiyo walikuwa Waaborijini, sheria iliwanasa wao bila kuwataja. Orodha iliyotangazwa mwaka 1957 ilikuwa na majina zaidi ya 15,000. Aliyekuwa katika orodha hiyo angeweza kuamuliwa mahali pa kuishi. Ndoa yake ilihitaji kibali. Mali yake iliweza kushikwa na mkurugenzi wa idara. Mtu mwenye wajukuu akawa mtoto mchanga mbele ya karani.

Haki si nishani

Katika orodha hiyo ya mwaka 1957 majina mawili hayakuwamo: Albert Namatjira na mkewe Rubina. Magazeti yalishangilia kwamba amepewa uraia. Kwa kweli sheria iliyoanza kutumika mwaka 1949 ilikuwa imekwisha kuwafanya raia wote waliozaliwa katika nchi ile, wazungu na weusi. Alichopewa Namatjira ni ruhusa ya kutumia sehemu ya kile kilichokuwa chake tangu mwanzo: kupiga kura, kujenga nyumba mjini, kununua pombe. Watoto wake hawakuachwa nje ya orodha. Baba akawa mtu huru, na wanawe wakabaki chini ya ulezi wa Serikali.

Hapa ndipo twataka kusimama imara. Wapo waliosema, na hata leo wapo wasemao, kwamba utawala ule ulifanya wema. Ulianza na aliyestahili, na wengine wangefuata wakistahili. Twakataa hoja hiyo. Haki za binadamu si nishani inayotundikwa kifuani pa aliyeshinda. Mtu hazipati kwa sababu amechora vizuri, amesoma sana au amefanana na bwana wake. Anazo kwa sababu ni mtu, aliyeumbwa na Mungu kwa sura yake. Ikiwa ilimpasa Namatjira kuwa mchoraji mashuhuri ndipo atambuliwe kuwa mtu mzima, basi wale zaidi ya 15,000 wasioshika brashi walikosa nini? Mchungaji wa ng'ombe, mpishi, mama anayechimba mizizi porini: hao walipungukiwa ubinadamu kwa kutojua rangi za maji?

Tena haki iliyotolewa kwa mmoja na kunyimwa jamaa zake humtenga. Sheria ilimweka Namatjira upande mmoja wa ua na damu yake upande wa pili, kisha ikasubiri auruke ule ua ili imkamate.

"Sheria ni sheria"

Haikusubiri sana. Mwezi Agosti 1958 mwanamke mmoja aliuawa katika kambi ya Morris Soak, na lawama za pombe zikamwangukia Namatjira. Baadaye mwaka huohuo alishtakiwa kwamba alimpatia pombe msanii mwenzake, Henoch Raberaba, aliyekuwa katika orodha ya walio chini ya ulezi. Alihukumiwa kifungo cha miezi sita na kazi ngumu. Watu wengi nchini Australia walipiga kelele. Rufani ikapunguza adhabu hadi miezi mitatu. Mahakama Kuu ya Australia ikakataa kuisikiliza zaidi. Mwaka 1959 alitumikia miezi miwili katika makazi ya Waaborijini ya Papunya. Akatoka akiwa amevunjika moyo, na muda mfupi baadaye alifia hospitalini Alice Springs kwa ugonjwa wa moyo uliochanganyika na homa ya mapafu. Alikuwa na umri wa miaka 57.

Tunawasikia watu wa sheria na utaratibu wakisema: sheria ni sheria, alijua, akavunja. Wengine huongeza kwamba pombe ilileta kifo, na kifo si mchezo. Hilo la pili hatulipuuzi hata kidogo. Sisi tunaozika watu walioangamizwa na gongo, na tunaowapokea ofisini akina mama waliopigwa na waume walevi, hatuwezi kusema kwamba pombe ni jambo dogo. Uhai wa mama yule ulikuwa na thamani sawa na uhai wa Malkia.

Lakini tuulize swali moja. Kama Namatjira angempa chupa ileile mzungu, katika kambi ileile, usiku uleule, je, angeshtakiwa kwa kosa hilo? La. Kwa hiyo kosa halikuwa katika chupa wala katika kitendo cha kutoa. Lilikuwa katika kabila la mpokeaji. Sheria inayotaka kuzuia ulevi humwangalia mlevi na muuzaji, wawe wa rangi yoyote. Hii ilimwangalia Mwaaborijini.

Tena tukumbuke desturi za watu wake. Kwa Waarrernte, mwenye kupata hugawana na jamaa yake. Asiyegawana huonekana mtu mbaya. Sisi twasema kutoa ni moyo, si utajiri, na twaelewa vema mtu wa namna hiyo. Namatjira aliwalisha jamaa wengi kwa mapato ya brashi yake, na hakuna hakimu aliyemsifu kwa hilo. Alipogawana pombe akafungwa. Twakubali kwamba si kila kinachogawanywa ni chema. Ila utawala uliomwambia mtu kwamba chupa hii ni halali kwako na ni jinai kwa ndugu yako uliyeketi naye, ulimtaka achague kati ya sheria ya Serikali na undugu wake. Atakayesema angechagua vingine na ajichunguze kwanza.

Mali ya marehemu

Dhuluma haikuishia kaburini. Mwaka 1957 Namatjira alikuwa ametia sahihi mkataba na kampuni moja ya uchapaji, Legend Press, kuhusu hakimiliki ya picha zake, yaani haki ya kuzichapa nakala na kupokea fungu la fedha. Baada ya kifo chake mirathi ilikuwa mikononi mwa Serikali. Mwaka 1983 Kabidhi Wasii wa Serikali katika Northern Territory aliiuza hakimiliki hiyo moja kwa moja kwa kampuni ileile kwa dola 8,500 za Australia. Familia haikuulizwa.

Tufanye hesabu. Tangu 1983 hadi 2017 ni miaka 34. Katika miaka yote hiyo watoto, wajukuu na vitukuu wa mtu aliyeifanya nchi yao ijulikane duniani hawakupokea fungu lao katika nakala za kazi yake. Wajukuu walisimama, wakadai, wakasafiri kutafuta haki. Hatimaye mwezi Oktoba 2017 hakimiliki ilirudishwa kwa mfuko wa amana wa familia kwa bei ya dola moja. Mwaka 2018 Serikali ya Northern Territory nayo ilikubali kuwalipa fidia.

Tunashukuru kwamba ilirudi. Hata hivyo tusiite hisani kile ambacho ni kurejesha. Anayemrudishia mwenye mali mali yake hajatoa zawadi. Na aliyekabidhiwa mali ya mjane na yatima, akaiuza bila kuwaita na kuwauliza, hata kama ana mhuri na muhtasari wa kikao, amewadhulumu. Mhuri hausafishi dhuluma. Huifanya iwe ngumu zaidi kuipinga.

Je, alikuwa mwigaji?

Lipo tusi jingine tusiloweza kulipita. Wataalamu kadhaa wa sanaa walimdharau Namatjira kwa kusema kwamba aliiga tu mtindo wa wazungu, na kwamba Mwaaborijini wa kweli angechora kwa namna ya mababu. Angalieni mtego huu: akibaki na mambo ya kwao huitwa mshenzi; akijifunza ya wageni huitwa kasuku.

Wanaosema hivyo hawakutazama alichokuwa akichora. Kwa watu wa Arrernte kila mlima na kila bonde vina habari ya mababu waliovipitia tangu mwanzo wa nchi, na kila mtu ana mahali anapowajibika napo. Namatjira alichora mahali hapo. Nabothi wa Maandiko hakulikatalia shamba lake la mizabibu kwa sababu ya bei. Alilikataa soko kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Namatjira alinyimwa hati ya ardhi, lakini kila picha yake ilisema: nchi hii naijua, na ina wenyewe.

Waliomfuata wameithibitisha. Papunya, mahali palepale alipotumikia kifungo, ndipo mwaka 1971 wazee wa jangwani walipoanza kuchora hadithi za nchi yao kwa nukta na miduara, wakitiwa moyo na mwalimu Geoffrey Bardon, na mwaka 1972 wakaunda kampuni yao wenyewe. Ila hata kwao soko halikuacha tabia yake. Picha ya Clifford Possum Tjapaltjarri iitwayo Warlugulong, iliyouzwa mwaka 1977 kwa dola 1,200, iliuzwa mnadani mwaka 2007 kwa dola milioni 2.4. Mchoraji alikuwa amefariki mwaka 2002, wala sheria haikuwapa warithi wake chochote katika bei hiyo. Ndipo mwaka 2009 Australia ikatunga sheria ya kumpa msanii asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena. Sheria njema, lakini ilichelewa.

Neno kwetu sisi tulio Kanisa

Haitakuwa haki kuilaumu Serikali na kujipitia sisi wenyewe. Misioni ya Hermannsburg, iliyoanzishwa mwaka 1877, iliwapa Waarrernte hifadhi wakati ambapo walowezi waliwanyang'anya ardhi na hata kuwaua. Na Mchungaji Albrecht wa misioni hiyo alimsaidia Namatjira katika mwanzo wa uchoraji wake. Hayo twayakiri kwa heshima. Lakini wamisionari wa madhehebu yote, wa kwetu wakiwamo, mara nyingi walizoea kuwalea watu wazima kana kwamba hawatakua kamwe. Tarehe 29 Novemba 1986, Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika Alice Springs, aliwaeleza Waaborijini kwamba utamaduni wao si wa kutupwa, na kwamba Kanisa la Australia halitakamilika mpaka mchango wao upokelewe kwa furaha. Maneno hayo yanatuhukumu hata sisi, katika kila parokia ambamo katekista husifiwa kwa kujitoa kwake na kuachwa bila posho ya kulisha wanawe.

Nchi ile bado haijamaliza kazi. Kura ya maoni ya mwaka 1967, iliyotaka Waaborijini wahesabiwe katika sensa sawasawa na raia wengine, ilipata ndiyo zaidi ya asilimia 90. Kura ya tarehe 14 Oktoba 2023, iliyotaka wenyeji asilia wawe na chombo cha kutoa ushauri kinachotambuliwa na Katiba, ilikataliwa na asilimia kama 60. Mwaka 1956 picha ya sura ya Namatjira iliyochorwa na mzungu William Dargie ilishinda tuzo kubwa ya Archibald. Ikachukua hadi mwaka 2020 ndipo Mwaaborijini alipoishinda tuzo hiyo kwa mkono wake mwenyewe, naye ni Vincent Namatjira, kitukuu cha mzee huyu. Miaka 64 imepita kati ya kutazamwa na kutazama.

Basi, ndugu viongozi, tusimkumbuke Namatjira kwa machozi tu. Tukatae sifa zinazotolewa mahali pa haki. Tukatae haki inayogawiwa kwa upendeleo, hata kama anayependelewa ni ndugu yetu. Na popote tulipokabidhiwa mali ya wanyonge, tusikate shauri lolote juu yake kabla wenyewe hawajaitwa kikaoni na kusikilizwa.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni nani wanaosifiwa sana na kulipwa kidogo? Nani hufaidika na sifa hizo?

2. Je, ipo sheria ndogo, kanuni au desturi kwetu ambayo haimtaji mtu, lakini humbana mnyonge peke yake?

3. Jumuiya yetu imesimamia mirathi ya wajane na yatima wangapi? Waliulizwa wenyewe kabla ya uamuzi?

4. Tutachukua hatua gani mwezi huu, na nani atawajibika kutuletea taarifa?